S-GT au STI? Jinsi ya Kusoma Namba za Gari Kabla Hela Haijatoka

Tangu nianze chuo, kaka yangu hajawahi kuniuliza kitu chochote cha fizikia. Mwezi wa tano akanitumia picha mbili kwenye simu, na chini yake maneno machache: "Dogo, wewe si ndiyo msomi wa Fizikia na Hisabati? Nichagulie. Nataka jibu kabla ya Ijumaa."

Picha zote mbili zilikuwa za Subaru Impreza, ile hachibeki ya milango mitano ya kizazi kilichotoka Japani mwaka 2007. La kwanza lilikuwa 2.0 S-GT. La pili lilikuwa WRX STI, jeupe, matairi mapana, tundu la kuingizia hewa juu ya boneti. Yote ya mwaka 2008, yote yanauzwa Japani kama yaliyotumika, na yote ni magari ya mbio kwa kiwango cha barabara za kawaida. Swali halikuwa "gari la kasi au gari la kawaida." Kasi alishaichagua. Swali lilikuwa kasi ipi.

Kaka anaishi nyumbani kwetu Hombolo na anafanya kazi ya umeme mjini Dodoma. Hela ya gari ameiweka miaka sita. Tangu aanguke na pikipiki miaka miwili iliyopita anapanda daladala asubuhi na jioni, na mama akiwa na kliniki mjini inabidi watafute usafiri wa kukodi. Halafu kuna shamba la zabibu. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, lakini mvua zetu ni za msimu mmoja tu, kwa hiyo asiye na maji ya kumwagilia anabaki kuangalia mawingu. Mpango wa nyumbani ulikuwa kwamba kitakachobaki baada ya gari kinachimba kisima na kununua mipira ya umwagiliaji wa matone. Na niseme ukweli mapema: bumu likichelewa, hela yangu ya kula inatoka mfukoni mwa huyohuyo kaka. Kwa hiyo mshauri mwenyewe alikuwa na maslahi.

Nilizipeleka picha kwenye vimbweta nikawauliza wenzangu sita. Wote sita wakasema STI, na sababu ilikuwa moja: "Ile ina farasi 308, hii ina 250. Unauliza nini?" Mimi nilikuwa wa saba kukubali. Nilishaanza kuandika jibu nilipokumbuka tunachofundishwa kila siku kwenye mbinu za ufundishaji: mwanafunzi akikupa namba bila kusema imepimwa wapi, usimpe maksi bado. Nikafuta ujumbe, nikachukua daftari. Makala hii ndiyo yaliyotoka kwenye daftari hilo. Wengi wetu tuna miaka miwili au mitatu kufika kwenye swali kama hili, na wengi tutalifikia huku asilimia 15 ya mshahara wa msingi ikirudi Bodi ya Mikopo. Ni vizuri tukaanza kufanya mazoezi sasa.

Ndugu wa tumbo moja

Anza na yanayofanana, maana hayo hayawezi kuamua chochote. Magari haya mawili yana injini ya ukubwa uleule, sentimita za ujazo 1,994, yenye silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Yote yana tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi. Yote yanasukuma matairi manne. Urefu wa bodi ni uleule, milimita 4,415.

Sasa tofauti. STI ni pana zaidi: milimita 1,795 dhidi ya 1,740. S-GT hutoa farasi 250 kwenye mizunguko 6,000 ya injini kwa dakika. STI hutoa 308 kwenye mizunguko 6,400. Torki, yaani nguvu ya kusokota, ni nyutonimita 333 kwenye mizunguko 2,400 kwa S-GT, na 422 kwenye mizunguko 4,400 kwa STI. S-GT ilitoka na gia tano za manyuo au gia nne za otomatiki. STI hii ya lita mbili ilitoka na gia sita za manyuo tu. STI ina pia kidude cha kumruhusu dereva mwenyewe kupanga namna torki inavyogawanywa kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, na nyingi zina breki kubwa za Brembo.

Herufi STI ni kifupi cha Subaru Tecnica International, kampuni ya michezo ya Subaru iliyoanzishwa mwaka 1988. Jina lake huku kwetu limejengwa na mashindano. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya akiendesha Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena kwa Impreza. Hizo hazikuwa hachibeki. Hachibeki iliingia kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2008, Petter Solberg akamaliza wa pili katika Acropolis Rally ya Ugiriki, na Desemba mwaka huohuo Subaru ikatangaza kujitoa. Nimeyaandika haya kwa sababu kaka aliponitumia picha, moyoni alikuwa ananunua magari ya McRae na Burns. Gari la Safari lilikuwa na timu ya mafundi nyuma yake. Hili litakuwa na fundi mmoja, akipatikana.

Farasi 308, lakini wapi?

Hapa ndipo Fizikia ya kidato cha pili inapolipa. Chukua spana ndefu ya mita moja, ifunge kwenye nati, ning'iniza mzigo kwenye ncha yake. Mzigo wa kilo 34 unaisokota nati kwa nyutonimita 333 hivi. Hiyo ni S-GT. Mzigo wa kilo 43 ni nyutonimita 422. Hiyo ni STI. Torki ni hiyo tu, ukali wa msokoto.

Farasi ni kitu kingine. Ni msokoto ukizidishwa na kasi ya kuzunguka. Ukitaka jibu kwa kilowati, zidisha torki kwa mizunguko ya dakika, kisha gawanya kwa 9,549. Farasi mmoja wa kipimo cha Wajapani ni kilowati 0.7355. Kwa hiyo injini inaweza kupata farasi wengi kwa njia mbili: kusokota kwa nguvu, au kuzunguka haraka sana.

Tukokotoe. S-GT kwenye mizunguko 2,400: 333 mara 2,400 gawanya kwa 9,549, tunapata kilowati 84, sawa na farasi 114. STI kwenye kilele chake cha torki: 422 mara 4,400 gawanya kwa 9,549, tunapata kilowati 194, sawa na farasi 264. STI ni kali kweli, hakuna ubishi. Lakini angalia mizunguko. S-GT ikiwa kwenye 2,400 imeshatoa msokoto wake wote. STI kwenye 2,400 bado inapanda, na itaendelea kupanda hadi 4,400. Wale farasi 308 wako juu zaidi, kwenye 6,400, ambako injini inalia mpaka mbuzi wanahama barabara.

Mwenzetu mmoja wa vimbweta alinipinga vizuri: "Umesahau gia. Gia zinazidisha torki kabla haijafika kwenye tairi." Ni kweli, na STI ina gia sita. Dereva anayebadilisha gia kwa wakati anaweza kuiweka injini kileleni muda wote. Ila hiyo ni kazi. Mguu wa kushoto kwenye klachi, mkono kwenye gia, mguu wa kulia kwenye mafuta, kona baada ya kona. Dereva wa mashindano analipwa kwa kazi hiyo. Kaka analipwa kwa kuvuta nyaya.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mnunuzi ni hili: mshale wako wa mizunguko utakaa wapi siku nzima? Mwendo wa kawaida wa kwenda kazini unauweka kati ya 2,000 na 3,000. Humo ndimo anamoishi kaka, na humo S-GT imeshafika wakati STI bado iko njiani.

Dakika tatu

Kutoka mjini unafuata barabara ya Morogoro hadi Ihumwa, kisha unakata kuelekea Hombolo. Jumla tuseme kilomita 40. Njiani kuna makazi, bodaboda, wanafunzi, ng'ombe. Tuseme kilomita 25 ni za kwenda 50 kwa saa, na 15 zilizobaki unaweza kwenda 80.

Kilomita 25 kwa mwendo wa 50 ni dakika 30. Kilomita 15 kwa 80 ni dakika 11 na sekunde 15. Sasa jifanye una gari la farasi 308 na kwenye zile kilomita 15 unakwenda 110. Utatumia dakika 8 na sekunde 11. Umeokoa dakika tatu. Trafiki mwenye tochi akikupata, faini ya shilingi 30,000 inakuwa shilingi 10,000 kwa kila dakika uliyookoa. Na S-GT nayo inafika 110 bila kutoa jasho, kwa hiyo hata dakika hizo tatu huhitaji STI kuzipata.

Hesabu hii inanifurahisha kwa sababu haihitaji kumhubiria mtu kuhusu usalama. Namba zenyewe zinaongea.

Tofauti inayokua bandarini

Wengi tunalinganisha bei za kwenye mtandao, gari hili dola hizi, lile dola zile, basi. Kodi inaingia baadaye kama mgeni asiyealikwa. Kwa gari dogo lililotumika, mpangilio ninaoujua ni huu: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 1,000 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi 2,000, uchakavu asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi na asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka kumi, kisha VAT asilimia 18 juu ya yote hayo. Kuna tozo nyingine ndogo, na viwango huweza kuguswa na bajeti ya kila Juni, kwa hiyo pitia kikokotoo cha TRA kabla ya kulipa. Kumbuka pia kwamba hesabu hufuata thamani inayokubaliwa na TRA, hata kama wewe umeuziwa kwa bei ya kirafiki.

Magari yetu mawili yana 1,994, kwa hiyo yako kundi moja, na yote yamezidi miaka kumi. Asilimia ni zilezile. Je, tofauti inabaki ileile? Hapana. Tuseme STI imezidi thamani ya S-GT kwa shilingi milioni 4. Ongeza asilimia 25: inakuwa milioni 5. Juu ya hiyo weka asilimia 5 ya ushuru wa bidhaa na 30 ya uchakavu, jumla 35: inakuwa milioni 6.75. Weka VAT: inakuwa milioni 7.965. Pengo la milioni 4 limefika Dar es Salaam likiwa karibu milioni 8. Ukiwa na kisima cha kuchimba, milioni 4 za ziada ni maji.

Kuna mtego mmoja zaidi. Mwaka 2009 Japani ilitoka STI ya otomatiki iitwayo A-Line, farasi 300. Inafanana sana na nyingine, ila injini yake ni ya sentimita za ujazo 2,457. Inahamia kwenye kundi la asilimia 10. Usisome herufi za nyuma ya gari ukaacha kusoma ukubwa wa injini.

Baada ya kununua, kuna kila siku. Kaka ataenda na kurudi kilomita 80, siku 24 kwa mwezi, sawa na kilomita 1,920. Tukikadiria S-GT kilomita 9 kwa lita na STI 7.5, tofauti ni lita 43 kila mwezi. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 129,000. Hizo ni bei za mfano. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, weka ya kwako. Uliza pia oktani ya mafuta kwenye kituo unachonunulia, kwa sababu injini zote mbili zilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, isiyopungua oktani 96.

Kuhusu matairi nilijikosoa mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kuandika kwamba tairi za STI ni nyembamba kwa kimo, zitapasuka kwenye mashimo. Nikakokotoa. Tairi ya 245/40 ya rimu 18 ina ukuta wa milimita 98, kwa maana ni asilimia 40 ya 245. Ile ya S-GT, 205/50 ya rimu 17, ina milimita 102.5. Tofauti haifiki hata nusu sentimita. Hoja ikafa, nikaifuta. Iliyobaki ni kwamba tairi ya upana wa 245 utaitafuta mjini kwa bei yake, na ikipasuka Hombolo usiku hutaipata kwa fundi wa pancha.

Kabla ya kutuma hela

Gari lililotumika lina historia, na gari la mbio lina historia nzito zaidi. Omba karatasi ya mnada na uisome daraja lake. Ukiona R, ujue liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Uliza kama ekzosi, tabo au programu ya injini vimewahi kuchezewa. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kwa injini hizi ni kilomita 100,000. S-GT iliyoteswa ni mbaya kuliko STI iliyotunzwa, kwa hiyo ushauri wangu wote unasimama tu ikiwa magari yote mawili ni mazima.

Na STI nayo ipewe haki yake. Mtu anayeshindana, mwenye fundi wake, anayependa manyuo na ana mahali halali pa kuifikisha injini 6,400, asinunue S-GT. Atajuta. Breki zile, gia zile na kile kidude cha kugawa torki vimetengenezwa kwa ajili yake.

Kosa langu

Alhamisi usiku nikamtumia kaka kurasa nne za daftari zikiwa zimepigwa picha. Hitimisho: S-GT, manyuo ya gia tano. Nililala nikijiona profesa.

Asubuhi akajibu: "Kazi nzuri mwalimu. Ila hujaniuliza goti."

Goti la kushoto. Lile aliloumia alipoanguka na pikipiki. Jumapili iliyofuata aliazima gari la manyuo la rafiki yake, akaliendesha kutoka Ihumwa hadi nyumbani. Alipofika, mama alimkandia goti kwa maji ya moto. Klachi ilikuwa imeamua kila kitu kabla ya hesabu zangu zote. STI ya lita mbili haina otomatiki, basi ilishatoka mchezoni tangu mwanzo. Na S-GT yangu ya gia tano nayo ilitoka.

Miaka mitatu nasoma ualimu. Tunaambiwa kwamba kabla ya kufungua somo unamjua kwanza mwanafunzi: anajua nini, anaweza nini, anaumwa wapi. Mimi nilijua torki kwa kila mzunguko wa injini, na sikuuliza kuhusu mguu wa mtu niliyekua naye nyumba moja. Ingenichukua ujumbe mmoja wa simu.

Ameagiza S-GT ya otomatiki. Wachimba kisima wameshakuja kupima. Aliniomba ruhusa abandike stika ya STI kwenye kioo cha nyuma, nikamwambia stika haina uchakavu wala VAT, abandike tu.

Zoezi la msomaji: chagua magari mawili ya aina moja unayoyatamani, toleo la chini na la juu. Kwa kila moja andika torki na mizunguko yake, ukubwa wa injini, umri, aina ya gia. Kokotoa pengo la bei mpaka baada ya VAT. Kisha, juu kabisa ya ukurasa, kabla ya namba zote, andika nani ataliendesha, nani atakaa nyuma, na hela itakayobaki ina kazi gani. Ukurasa huo ukiuanza kwa farasi, rudia.